Bonasi ya Meza ya Mabibi

Chiwata,
Masasi.
Jumapili, 12 Septemba 1999

Mpendwa Mjomba Bartholomayo,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Gideoni. Mgongo wako unaendeleaje? Tulisikia kwamba joto la Dar es Salaam limeufaa kuliko baridi ya kule Newala, na tulifurahi. Gideoni naye, kile kikohozi kimekwisha? Mwambie aache kulala na dirisha wazi, hata kama huko joto linasumbua.

Sisi huku hatujambo. Wanangu wanasoma. Mvua ziliisha mapema, lakini mikorosho imetoa maua mengi, na waliopata salfa ya kuipulizia kwa wakati wana matumaini. Paa la kanisa la Chiwata limekarabatiwa, halivuji tena. Mama ni mzima wa mwili. Nasema "wa mwili" makusudi, kwa kuwa hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Mjomba, nimekuamkia kama nilivyofundishwa, na hali nimekuulizia kwa moyo wa kweli. Sasa naomba unisome mpaka mwisho. Nina hasira nawe. Sijapata kuwa na hasira na mtu aliyenizidi umri kiasi hiki, na tangu wiki iliyopita nimeianza barua hii mara tatu nikaichana, kwa sababu kila mara ilianza na maneno ambayo mpwa hapaswi kumwandikia mjomba wake.

Barua uliyomwandikia Mama ilifika Jumamosi tarehe 4. Aliniletea hapa Chiwata niisome, maana miwani yake imevunjika mkono. Tulikaa uani, nikasoma kwa sauti. Nilipofika mahali ulipoandika, "Mimi sikumbuki mpango wa namna hiyo. Bonasi ililipwa kwa yule aliyestahili," nikairudia mistari hiyo kwa macho tu.

Mama akadhani nimeshindwa na mwandiko. Akasema, "Endelea basi, Mwalimu. Au hapo ametuandikia Kiingereza?"

Nikaendelea. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Aliuvuta ungo wangu wa mchele uliokuwa umekwisha pepetwa, akaanza kuupepeta upya.

Umeandika kwamba hukumbuki, kwa hiyo nitakukumbusha. Tangu nikiwa sekondari huandika shajara, na wewe ndiye uliyeninunulia ile ya kwanza, ukaniambia mtu aliyesoma hasemi "zamani zile", anasema tarehe. Basi nitasema tarehe.

Jumapili tarehe 24 Oktoba 1993, kiwanda cha korosho cha Newala kilikuwa kimefunguliwa upya mwezi mmoja tu. Sisi tulishazoea kukiona kimefungwa, popo wamejaa, mpaka soko huria likaja na kampuni ikakinunua. Ninyi mlikuja nyumbani kwa Mama pale Mkunya baada ya ibada. Wewe ulikuwa msimamizi wa ubanguaji. Walikuwapo wanawake sita wa meza moja, wote watu wazima, ndiyo sababu wasichana wa kiwandani walikuwa wakiiita Meza ya Mabibi. Mama alikuwapo, na Bi Pili, na Mama Alfredi, na Cecilia, na Bi Ziada, na mkeo Mama Gideoni, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Mimi ndiye niliyewamiminia chai.

Siku ile ulieleza mambo mawili. La kwanza, mshahara wa mwezi utakuwa mdogo, lakini mwisho wa msimu kutakuwa na bonasi kwa kila atakayetoa korosho nzima nyingi zisizovunjika. La pili, kampuni imeanzisha Mfuko wa Pensheni, na bonasi itahesabiwa kwenye pensheni, siyo mshahara peke yake. Wakapiga makofi. Bi Pili akapiga kigelegele, akasema hata serikalini hawakuwa na jambo la namna hiyo.

Kisha wakakuletea wazo lao. Walisema bonasi ya mtu mmoja itaishia kwenye sukari na michango ya misiba, lakini za sita zikija pamoja zinaezeka nyumba, au zinajenga tangi la kuvunia maji ya mvua. Kwa hiyo walitaka korosho zote za meza zimiminwe karai moja na zipimwe kwa jina la mmoja msimu huu, na la mwingine msimu ujao, kama upatu. Kanuni ya kampuni ilitaka kila mtu apimiwe zake. Wewe ulifikiri kidogo, Mjomba, ukacheka, ukasema, "Jina ni jina tu. Kazi ni yenu wote." Halafu ukapanga zamu mwenyewe. Ulisema, "Wakubwa kwanza."

Mama akawa wa kwanza. Akafuata Bi Pili, akafuata Mama Alfredi. Baada yao Cecilia, kisha Bi Ziada, na wa mwisho mkeo. Misimu sita, watu sita. Hakuna aliyerukwa, hakuna aliyelalamika. Kwa zamu yake Mama aliezeka bati, na wewe ndiye uliyepanda juu na mafundi kuhakikisha misumari haikai vibaya. Unaniambia hilo nalo hulikumbuki?

Kiwanda kimefungwa mwezi Juni. Korosho zetu sasa zinasafirishwa ghafi kwenda India zibanguliwe na wanawake wa huko. Wewe kampuni imekuchukua kwenye ghala lake la Dar es Salaam, nasi tulishukuru kwamba angalau mmoja wetu amebaki na kazi. Wengine waliambiwa wasubiri Mfuko.

Watu wa Mfuko walifika Newala Jumanne tarehe 17 Agosti. Nilimsindikiza Mama. Tulikaa kwenye bwalo la kiwanda, viti vikiwa vimeshauzwa, kwa hiyo akina mama walikaa kwenye magunia. Bwana aliyekuja anaitwa Vitalis, kijana mpole, anasema "mama zangu" kila baada ya sentensi. Alieleza kwamba pensheni ya mwezi inapatikana kwa kutazama misimu mitatu ya mwisho. Wanachukua mshahara na bonasi ya misimu hiyo, wanatafuta wastani, na sehemu ya wastani huo ndiyo utakayolipwa kila mwezi mpaka kufa kwako.

Misimu mitatu ya mwisho, Mjomba.

Alipoanza kusoma majina sikuelewa mara moja. Mama, mshahara mtupu, bonasi hakuna. Bi Pili, bonasi hakuna. Mama Alfredi, bonasi hakuna. Akasoma Cecilia, akasoma Bi Ziada, akasoma mkeo ambaye alikuwa ameshakufuata Dar es Salaam, na hao watatu kila mmoja ana bonasi nene ya watu sita. Pensheni zao zikatoka karibu mara tatu ya zile za wakubwa wao. Mnaona mlivyoheshimu umri? Wakubwa walitangulizwa kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyowatoa nje ya hesabu.

Yule kijana mwenyewe alishangaa. Alirudi nyuma mpaka misimu ya mwanzo, akamtazama Bi Pili, akasema, "Bibi, msimu wa tisini na nne na tisini na tano ulibangua kuliko mashine. Halafu msimu uliofuata huna kitu kabisa. Ulikuwa unaumwa?"

Bi Pili akamjibu, "Mwaka ule nilikuwa na mikono kumi na miwili, mwanangu. Leo nimekuja na miwili, ile kumi nimeiacha nyumbani inateka maji."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Vitalis naye alicheka, kisha akaacha, akauliza taratibu, "Mikono ya nani?" Hapo ndipo jambo lote likaelezwa mbele ya watu.

Nataka ujue alivyofanya Bi Ziada. Yeye ni kati ya wale watatu waliopata nyingi. Angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angemlaumu mbele ya watu. Alisimama akasema, "Zamu yangu nilishaipata, nikajenga tangi, na maji nakunywa. Hii zamu ya pili anayonipa huyu kijana siitaki. Nitakunywaje chai na Pili?"

Cecilia alinuna siku mbili. Alisema kila mtu na bahati yake. Siku ya tatu akaenda mwenyewe kwa Mama Alfredi na mhogo mkavu kwenye kikapu, akasema naye amekubali kugawana. Huyo ni Cecilia, Mjomba, ambaye wewe mwenyewe ulikuwa ukisema hawezi kumpa jirani moto wa kuwashia jiko.

Vitalis alieleza kwamba Mfuko unaweza kuzigawa zile bonasi kwa watu sita, msimu kwa msimu, na pensheni zote zikawa sawa. Hawawezi kufanya hivyo kwa maneno ya wanawake wenyewe, wala kwa maneno yangu mimi niliyekuwa namimina chai. Wanahitaji maelezo ya msimamizi aliyepima. Msimamizi aandike kwamba bonasi ilikuwa ya meza nzima, na jina lilikuwa la kupokelea tu. Kila mtu aliyekuwapo alipumua. Mama alicheka, akasema, "Msimamizi? Msimamizi si mdogo wangu!" Alisema hivyo kwa sauti, ili hata waliokaa mlangoni wasikie.

Na wewe ukajibu kwamba hukumbuki.

Hasira yangu haikuanza kwako, nakiri. Kampuni ndiyo iliyoweka mshahara chini na bonasi juu, ili ikifika mwaka mbaya isilipe kitu. Makato ya Mfuko yalikatwa kwenye bonasi ya Mama mwaka 1994 kama yalivyokatwa kwenye bonasi ya mkeo mwaka huu, asilimia ile ile. Ya Mama yameingia Mfukoni na hayatarudi kwake kwa njia yoyote, kwa sababu aliyetunga kanuni aliamua kwamba jasho la zamani si jasho. Nilimwambia Vitalis hivyo mbele ya watu, na aliandika, ingawa sidhani kuna atakayesoma. Hata kama kusingekuwa na upatu, mfanyakazi anayechoka kadiri anavyozeeka, bonasi yake ikipungua mwishoni, anaadhibiwa kwa kuzeeka. Huo ndio mpango wao. Nina hasira nao.

Lakini wao sijawahi kuwaita wajomba.

Na zaidi ya kusahau kwako, nina hasira na lile neno "aliyestahili". Hebu lisome tena kama Mama alivyolisikia. Umesema kwamba kwa misimu mitano dada yako alikaa kwenye meza ile akala mshahara wa bure, na msimu mmoja tu ndio aliofanya kazi. Wewe uliyekuwa ukipita nyuma ya mgongo wake kila siku! Ulimwona akijipaka majivu vidoleni ili mafuta ya maganda yasimuunguze, na bado yalimuunguza. Ngozi ya mikono yake imebambuka na kuota mara nyingi mpaka dole gumba lake likigusa wino haliachi mistari, linaacha doa tu. Ulimwona akirudia korosho moja mara mbili asiivunje, msimu ambao jina lililoandikwa lilikuwa la mkeo. Alikuwa akikwambia, "Hizi ni za Mama Gideoni, lazima ziwe nzuri." Nilimsikia kwa masikio yangu, likizo ya Desemba mwaka jana, nilipompelekea chakula.

Labda ukiwa huko pensheni inaonekana jambo dogo. Nitakwambia ni nini kwa Mkunya. Mradi wa maji umesimama tena tangu Julai. Tangi la Mama halijajengwa, fedha ya zamu yake iliishia kwenye bati, na alikuwa akingojea mafao ndipo ajenge. Sasa pensheni aliyosomewa haifikii mapipa matatu ya maji ya kununua kwa mwezi. Pipa linapomwishia, anashuka bondeni na ndoo, na kupanda ule mteremko na ndoo kichwani hata mimi kunanishinda. Ana miaka sitini na miwili. Nimemwomba ahamie hapa Chiwata. Anasema mtu akihama nyumba aliyoiezeka mwenyewe, ataambiwa ilikuwa ya nani?

Najua unachokiogopa. Ukiandika kwamba ulipima za wote kwa jina la mmoja, unakuwa umekiri kwamba ulivunja kanuni, na wewe bado unakula mkate wa kampuni. Sikudanganyi kwamba hakuna hatari. Nilimuuliza Vitalis mara mbili. Alisema Mfuko una bodi yake, na hautafuti kumfukuzisha mtu kazi, lakini hawezi kuapa kwa niaba ya kampuni. Hivyo ndivyo alivyosema, nami nimekuandikia bila kupunguza. Kama ungeniandikia, "Isabela, naogopa, nifanyeje?" ningepanda basi nije tukae tufikiri. Mtu kuogopa naelewa. Lakini uliiacha hofu yako ukachukua jina la dada yako ukalipaka uvivu.

Tena sitaki kukaa kimya juu ya Mama Gideoni. Bonasi zikigawanywa, pensheni yake itashuka. Wewe unajua, yeye anajua, na Mkunya nzima inajua. Watu wanasema hapo ndipo kumbukumbu yako ilipopotelea. Mimi nimewakatalia, nimesema Mjomba wangu si mtu wa hivyo, na nilipomaliza kusema nikajiona mjinga. Usiniache niwe mjinga, Mjomba.

Baba alipofariki ulikuja kutoka Newala kwa miguu kwa kuwa magari hayakuwapo. Nilipofaulu kwenda sekondari na upande wa baba wakasema kwa msichana elimu hiyo inatosha, ni wewe uliyeketi nao ukasema, "Huyu ni mtoto wa dada yangu, mimi ndiye msemaji wake." Hawakusema tena. Kwetu huku hivyo ndivyo ilivyo, neno la mjomba likishatamkwa, mtu haendi kutafuta la pili. Ndiyo maana siku ile ya chai hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuuliza, "Itahesabiwa bonasi ipi, ya mwanzo au ya mwisho?" Angekuwa mgeni kutoka makao makuu ndiye anayeeleza, Bi Pili angemhoji mpaka atoke jasho. Lakini alikuwa ni wewe. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekaa na ndugu yao.

Sasa nikueleze yaliyotokea juzi, maana hayo huyajui, na ndiyo yaliyonifanya nisiichane barua hii ya nne.

Ijumaa tarehe 10 tulirudi kwa Vitalis pale Newala, na barua yako mkononi. Aliisoma, akainamisha uso. Akasema imebaki njia moja. Wale watatu wa mwanzo waweke sahihi kwenye malalamiko dhidi ya msimamizi, kwamba alipotosha vipimo. Bodi italazimika kuchunguza, itakuita, na itawaita wote. Faili zinafungwa tarehe 30 mwezi huu.

Bi Pili hakusita. Alisema, "Lete hiyo kalamu." Mama Alfredi naye akasema yuko tayari.

Ikabaki zamu ya Mama. Vitalis akamgeukia, "Na wewe, mama yangu?"

Mama akasema, "Huyo unayemwita msimamizi nilimbeba mgongoni. Simshitaki."

"Si kumshitaki, mama, ni kueleza ukweli tu."

"Ukweli na aseme yeye. Mimi nikiusema hapo kwenye karatasi yako unakuwa ni kesi."

Bi Pili alimgeukia kwa ukali, unamjua mwenyewe. "Sasa Mama Isabela, tukufanyeje? Tufe na kiu kwa sababu ya mdogo wako?"

Mama akasema, "Nyie wekeni. Sitawanunia. Mimi niandikie vile vile ilivyosomwa." Kisha akamwambia Vitalis, polepole, kama mtu anayeagiza kitu dukani, "Andika kwamba misimu ile mitano nilikuwa mvivu."

Vitalis aliifunga kalamu yake. Alisema hawezi kuandika hivyo, akamwomba arudi tarehe 30. Na Bi Pili, Mjomba, Bi Pili ambaye hajawahi kurudi nyuma kwa mtu yeyote, aliisukuma ile karatasi mbali naye bila kuiwekea sahihi. Akasema atangoja mpaka siku hiyo kwa ajili ya Mama, siyo kwa ajili yako. Mama Alfredi akasema hivyo hivyo.

Hapo ndipo jambo lilipofikia. Dada yako amekubali kufa akiitwa mvivu ili wewe usiulizwe swali. Alitoka pale akatembea mbele yetu mpaka stendi bila kugeuka, na mimi nyuma yake nililia kwa hasira, watu wakadhani tumetoka msibani.

Barua hii nampa Alfredi, anayesafiri Jumanne. Yeye ni mtoto wa mwenye haki mwingine, kwa hiyo usimwambie mambo ya "mwambie nitaona". Atafikia kwa rafiki yake Temeke na atakuja kwako mara mbili, siku ya kufika na siku ya kuondoka. Huhitaji kuandika mengi. Andika ulichosema nyumbani kwa Mama: kwamba jina lilikuwa jina tu na kazi ilikuwa ya wote. Taja wale sita. Weka sahihi. Yatosha.

Alfredi akirudi mikono mitupu, tarehe 30 Bi Pili na Mama Alfredi wataweka sahihi zao, na mimi nitasimama nao kama shahidi. Nitaeleza nilichokiona na tarehe zake, nami nitalitaja jina lako lote mpaka la babu. Mama amekataa kukushitaki kwa kuwa alikubeba. Mimi wewe ndiye uliyenibeba, na nimekaa nikitafuta kama hilo linanizuia. Halinizuii.

Pesa uliyotuma pamoja na ile barua anayo Alfredi, ndani ya bahasha kama ilivyokuja. Mama anasema asante, lakini hawezi kuila kabla hajajua ni ya nini.

Mjomba, msalimie Gideoni. Wasalimie akina Fortunatus wa Kitangari walioko huko Mbagala, waambie shamba lao limepaliwa. Hapa wanakusalimu wanangu wote, ambao sijawaeleza kitu, bado wanauliza Babu Bartholomayo atakuja lini. Bi Ziada anakusalimu. Bi Pili hakusalimu, nami sikumwomba.

Mama Gideoni msalimie kwa namna ya pekee. Mama anasema siku mkiandika kwamba pensheni zimekuwa sawa, wifi yake asione haya kuja Mkunya kwa sababu ya kilichopungua kwake. Na ikiwa hamtaandika, asione haya pia, aje tu. Hayo ni maneno ya Mama. Yangu mimi ni kwamba katika hilo la pili, mimi sitakuwapo kumpokea.

Mungu akupe afya, na akupe ujasiri wa mistari michache.

Ni mimi, mtoto wa dada yako, nikupendaye hata leo ninapokukasirikia,

Isabela